Uchambuzi wa Pedi za Masumbwi: Kifaa na Mtu Anayekishika

Habari zenu, watazamaji wapenzi. Leo mikononi mwangu kuna jozi ya pedi za masumbwi, zile ambazo kocha huvaa na kuzinyanyua ili bondia azipige. Nimekaa nazo kwa miezi minne, nikiwashikia wenzangu na kuzipiga mimi mwenyewe wanaponishikia. Nitaeleza ubora wa kifaa chenyewe, lakini naomba mniruhusu nianze na swali ambalo naulizwa kuliko yote: je, kupiga pedi kunamjenga bondia, au kunampa tu raha ya kusikia mlio?

Kunamjenga, tena sana, ila kwa kadiri ya ujuzi wa mtu aliyezishika.

Fikirieni mfuko mzito wa mazoezi. Mfuko unakupa nguvu na pumzi, na mimi siuachi hata wiki moja, lakini haukujibu. Ukiwa na tabia ya kuangusha mkono wa kulia kila unapotupa jebu, yaani ngumi ya moja kwa moja ya mkono wa mbele, mfuko utakuvumilia mwaka mzima bila kukukosoa. Nyuma ya pedi yupo mtu mwenye macho. Ninapomshikia kijana nikaona mkono wake unarudi kiunoni badala ya shavuni, namgusa kwa pedi kwenye paji la uso papo hapo, kwa wepesi, na baada ya raundi mbili mkono ule unajifunza kurudi nyumbani bila mimi kusema neno. Hiyo ndiyo faida ambayo sijaipata katika kifaa kingine chochote: kosa linasahihishwa wakati ule ule linapotendeka, na mwili unakumbuka.

Sasa tazameni hapa, kwa sababu ndipo watu wengi wanapoharibu. Mshikaji asiye na uzoefu hunyoosha mikono mbele na kuitanua, pedi moja huku na nyingine kule, kwa kuogopa kupigwa usoni. Bondia anazipiga, mlio ni mkubwa, kila mtu anafurahi. Lakini kichwa cha binadamu hakina upana huo! Kijana huyo amefundishwa kupiga hewa iliyo kando ya masikio ya mpinzani. Zaidi ya hayo, pedi zilizonyooshwa husimama mbali na uso wa anayezishika, hivyo bondia anazoea umbali wa pedi, si umbali wa mtu, na siku ya kupanda ulingoni ngumi zake zinaishia njiani huku yeye akishangaa kwa nini hazifiki. Mimi hushika pedi karibu na kidevu changu, moja ikigusana na nyingine, zikitazama mbele kwa ngumi za moja kwa moja, na nazigeuza uso wake uelekee ndani kwa ngumi ya kuzungusha, au uelekee chini kwa ngumi inayopanda kidevuni. Ndiyo, mara moja moja nimepata ngumi ya pua. Bado naona ni afadhali hivyo kuliko kumfundisha mtu uongo.

Kosa la pili ni kuisukuma pedi ikutane na ngumi. Mshikaji anapoipiga ngumi kofi kabla haijanyooka, anazidisha mlio na kumfanya bondia ajione ana nguvu za ajabu, ilhali mkono wake haujifunzi kufika mwisho wa safari. Msukumo mdogo, wa kuikaza tu pedi isirudi nyuma, unatosha na pia unayalinda mabega na viwiko vya anayeshika.

Wengi wenu mmemwona bingwa wa masumbwi wa Marekani, Floyd Mayweather Jr., akipiga pedi na baba yake mdogo, Roger Mayweather, mikono ikizunguka kwa kasi ambayo macho hayawezi kuifuata. Ule ulikuwa mfumo uliokaririwa kwa miaka mingi, na ulimfaa mtu ambaye tayari alijua kujikinga tangu utotoni. Nasikitika ninapoona mwanafunzi wa mwezi wa pili akifundishwa kuuiga mfumo huo, kwa kuwa anachokariri ni wimbo, na mpinzani hatauimba pamoja naye. Namna ya kocha Freddie Roach alipomshikia Manny Pacquiao, bingwa kutoka Ufilipino, naiona inamsaidia zaidi mtu wa kawaida: kocha amevaa kinga ya mwili, anatembea, anabadilisha pembe, na bondia analazimika kupiga juu na chini huku miguu ikifanya kazi.

Mwalimu asipokuwapo kuna njia nyingine. Cus D'Amato, aliyemlea Mike Tyson katika mchezo huu, alizipa ngumi namba na kuziandika kwenye mfuko wenye umbo la mtu, na bondia akapiga kwa kuifuata namba iliyotajwa. Hata sisi tunaposhika pedi tunaita namba kwa desturi hiyo hiyo, moja kwa jebu, mbili kwa mkono wa nyuma, ingawa kila jimu ina hesabu yake, kwa hiyo mkubaliane kabla ya kuanza.

Nirudi kwenye jozi hii. Uso wake umepinda kidogo, kama kiganja kinachoteka maji, na kwa maoni yangu hilo ni jambo bora kuliko yote ndani yake, kwa sababu ngumi inatulia katikati badala ya kuteleza. Zamani nilitumia pedi bapa, na kifundo changu cha mkono kiliuma kwa wiki kadhaa kila ngumi ya kuzungusha ilipoukwepa uso wa pedi na kuvuta vidole vyangu. Sponji ya hizi ni ngumu kiasi, inafaa kwa bondia mwepesi au wa kati. Kwa mtu mzito anayepiga kwa kishindo mngehitaji pedi nene na kubwa zaidi, la sivyo mshikaji ataumia kiwiko. Ngozi yake ni ya bandia, nayo haijapasuka. Mkanda wa kunata, hata hivyo, umeanza kulegea, na ndani ya kifuniko cha vidole jasho halikauki upesi, kwa hiyo nazianika wazi kila baada ya mazoezi. Zikiwa ndogo hivi zinadai shabaha, na ndiyo sababu nitaendelea nazo.

Kwa anayeanza, raundi tatu au nne za dakika 3, zenye mapumziko ya dakika 1, zinatosha, akiwa amefunga bandeji na kuvaa glovu. Katika raundi za mwanzo naita namba kwa sauti. Katika raundi ya mwisho nanyamaza kabisa: natembea, naficha pedi zote mbili kifuani, kisha nafungua moja ghafla na kuifunga tena, nikingoja nione kama macho yake yalikuwa kwangu.