Michoro ya Kolo, Kondoa: nilienda kwa kuburutwa

Wana Dodoma tunalalamikaga mji hauna sanaa, thieta hakuna, komedi mpaka mtu aje toka Dar, na mi nilikuwa kinara wa hayo malalamiko. Shemeji yangu kanisumbua mwezi mzima twende Kolo tukaone michoro ya kwenye mapango, nikamwambia shem, nauli yote hiyo nikaangalie mawe? Tukaenda.

Toka Dodoma mjini ni lami, kama kilomita 180 hivi, unapita Kondoa unaenda mbele kidogo unashukia Kolo hapohapo barabarani, kuna ofisi, unalipa kiingilio unapewa mtu wa kuwaongoza. Tukachukua boda mpaka chini ya mlima, kijana katutajia bei ya wazungu, shemeji alipoanza kushusha Kirangi, lugha ya hukohuko, na bei nayo ikashuka. Kipande cha mwisho ni mguu, na ni kupanda kwelikweli.

Sasa kule juu. Michoro mingi ni ya rangi nyekundu, twiga wapo, tembo, pofu, ila mi walionimaliza ni watu. Warefu, wembamba kama njiti, vichwa vimeumuka sijui ni nywele sijui vinyago. Kuna sehemu wako watano, wa katikati kashikwa mikono huku na huku, wawili wa upande mmoja wana hivyo vichwa vya ajabu, wa upande wa pili hawana. Mwongozaji akasema Mary Leakey, yule mtafiti wa mambo ya kale aliyekuja kunakili michoro mwaka 1951, aliona kama mwanamke anatekwa pale, wengine wanabisha wanasema ni ngoma ya uganga. Basi tukabishana nusu saa nzima, shemeji anasema katekwa, mi nasema yule anacheza. Lini umetoka kwenye shoo ya mjini ukabishana hivyo? Na hii UNESCO waliiweka urithi wa dunia tangu 2006, sisi tuko hapa tunalialia.

Vaeni raba, bebeni maji, nendeni asubuhi. Msiguse ukuta jamani, mingine imeshafifia. Nyota 4, ya tano imebaki na magoti yangu.

Mama mkwe nilipomuonyesha picha wala hakushtuka, kauliza tu kama bado watu wanapeleka pombe kule kuombea mvua. Nikamwambia tumeambiwa bado wapo. "Sasa nyie mmeenda mikono mitupu?"