Kwotabeki wa akiba nchini Kanada: kusubiri zamu au kusukuma yadi moja

Katika ligi ya kulipwa ya futiboli ya Kanada, mchezo unaofanana na ule wa Kimarekani, kwotabeki wa akiba, yaani mbadala wa mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, ana njia mbili za kudumu kazini. Ya kwanza ni kusubiri. Nick Arbuckle wa Toronto Argonauts alisubiri hadi Chad Kelly, kwotabeki wa kwanza wa timu hiyo, alipovunjika mguu katika fainali ya kanda ya Mashariki ya mwaka 2024. Siku chache baadaye aliiongoza timu kuifunga Winnipeg 41–24 katika Kombe la Grey, yaani fainali ya ligi, akatangazwa mchezaji bora wa mechi.

Ya pili, ambayo naiheshimu zaidi kwa sababu haitegemei jeraha la mwenzake, ni kuwa mtu wa yadi moja. Kwa kuwa timu hupewa majaribio matatu tu ya kupata yadi 10, na walinzi hulazimika kusimama yadi nzima mbali na mpira, inapobaki yadi moja kocha humwingiza akiba mwenye kifua kipana, naye huukumbatia mpira, huinamisha kichwa na kujipenyeza nyuma ya migongo ya wenzake. Chris Streveler aliifanya kazi hiyo katika fainali ya Kombe la Grey ya 2019, ambapo Zach Collaros ndiye aliyeanza kama kwotabeki, na Winnipeg ikatwaa kombe ililolikosa tangu 1990. Baada ya hapo Streveler alisajiliwa na Arizona Cardinals ya Marekani.