Niliambiwa "weka swichi, utaunga chochote". Si kweli

Nina hasira hii tangu msimu wa alizeti uliopita na bado haijapoa. Kinu chetu cha mafuta ya alizeti kiko Kizota, hapa Dodoma. Tulinunua PLC, yaani kompyuta ndogo ya kuongoza mitambo, iendeshe ekspela (mashine ya kukamua mafuta) na boila, na kabla ya kulipa nilimuuliza muuzaji swali moja tu kwa simu: vifaa vingapi vinaweza kuongea nayo kwa wakati mmoja? Akanijibu, "Fundi, hilo lisikusumbue. Weka swichi, matundu yakijaa ongeza nyingine. Utaunga chochote."

Matundu ya swichi hayana uhusiano wowote na nilichouliza! Swichi ni kisanduku cha kuunganisha nyaya za netiweki, inapitisha tu mawasiliano. Mwenye kukubali au kukataa ni PLC yenyewe, na kila kinachoisoma kinashika nafasi yake humo ndani. Yetu ina nafasi 8. Skrini tatu, nafasi tatu. Programu ya kwenye laptop ya ofisini inashika mbili, jambo ambalo sikulijua. Ruta ya laini ya simu inayompelekea bosi taarifa, moja. Jumla 6. Siku ya kuwasha kila kitu kilikubali, tukapeana mikono.

Kisha umeme ukakatika. PLC ilikuwa kwenye UPS (betri ya akiba), skrini na swichi hazikuwa. Zikazimika ghafla bila kuaga, na PLC ikaendelea kuzishikia nafasi zilezile kana kwamba bado zipo. Jenereta lilipowaka vyote vikaja kuomba upya, na nafasi zilizobaki ni mbili. Laptop ya ofisini, kwa kuwa ina betri, ikaziwahi zote mbili. Skrini ya boila ikabaki na vistari vitatu pale panapokaa presha. Presha ya boila! Nilikwenda kusoma geji kwa tochi, jasho likinitiririka, huku wakulima wa Kongwa na Bahi wamekaa nje juu ya magunia yao wakisubiri.

Nikampigia muuzaji, simu ikiwa kwenye spika, bosi amesimama pembeni yangu. Akasema, "Kaka, tatizo ni kwamba netiweki huijui. Tafuta mtu aliyesoma." Akakata.

Dawa ya haraka ni kuzima PLC na kuiwasha tena. Lakini hapo ekspela inasimama, alizeti iliyomo inapoa, mashudu yanakamata kwenye shafti na mnakaa mkichokoa kwa nondo hadi usiku. Tumefanya hivyo mara tatu. Kungoja nako ni mtihani: TCP, kanuni ya mawasiliano inayotumika kwenye netiweki, hata ikiwa imewashiwa ukaguzi wa waliokaa kimya, isipopangiwa vingine kwa kawaida hungoja saa mbili nzima ndipo iulize kama wa upande wa pili bado yupo. Nani ana boila la kungoja saa mbili?

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema msiinunue kabisa. Nikiwa mkweli, siwezi. Vumbi lote lile la maganda, joto lote lile, na haijawahi kukosea hesabu hata siku moja. Ile namba 8 imo kwenye kitabu chake, ndani sana, na sikuifikia kwa sababu nilishajibiwa na mtu niliyemwamini. Sasa skrini na swichi nazo ziko kwenye UPS, ruta ya bosi inachukua taarifa kwenye laptop badala ya kwenda moja kwa moja kwenye PLC, na umeme umeshakatika mara nyingi tu bila tatizo. Kwa hiyo nyota nne.

Hapana. Nikiikumbuka ile simu, mbele ya bosi wangu, nyota moja. Kifaa kizuri, ila huyo aliyekiuza asiuze kitu kinachoshika boila la mtu.

Juzi nilimwandikia kwa ustaarabu kabisa: kifaa kikizimika ghafla, PLC hii inaachia nafasi yake baada ya muda gani? Tiki mbili za bluu. Jibu hakuna.