Nusukaputi ya meno kwa mdogo wangu mwenye usonji: tulivyoipita siku ya kuamka

Mdogo wangu ni mtu mzima, ana usonji na hasemi. Kiti cha daktari wa meno hakikalii hata kwa kubembelezwa, kwa hiyo meno yote yalitibiwa kwa mkupuo mmoja chini ya nusukaputi: yaliyooza yaling'olewa, ya kuzibwa yakazibwa, ukoga ukasafishwa. Kwa hilo sina neno, hospitali hii kazi wanaijua. Nataka kusema kuhusu saa zilizofuata.

Kwanza sifa. Niliitwa kabla hajafumbua macho vizuri. "Dada, simama hapa, akuone wewe kwanza," nesi akaniambia, huku akipunguza taa. Mtu anayezinduka kwenye nusukaputi anaweza kuamka amevurugikiwa, akalia, akarusha mateke, akang'oa kila kilichobandikwa mwilini. Wa kwetu mkono ulikwenda moja kwa moja kwenye kanula, kile kimrija cha dripu kinachoingia kwenye mshipa. Ila walikuwa wameshaizungushia bandeji na kuivutia juu yake mkono wa sweta lake mwenyewe. Akapapasa, akakuta sufu anayoijua, akaacha. Nimeona wagonjwa wakishikwa kwa nguvu na watu kadhaa kwa jambo hilohilo.

Pua ilitoka damu kidogo na koo likakwaruza, kwa sababu mpira wa kupumulia ulipitishwa puani ili mdomo ubaki wazi kwa daktari. Hilo tulielezwa mapema, la sivyo ningepiga kelele. Mate yenye wekundu siku ya kwanza nayo ni kawaida. Tandika taulo la rangi nzito kwenye mto. Kung'ata pamba asingekubali, na daktari alilijua hilo, akaweka sponji ya kugandisha damu kwenye mashimo na kushona kwa nyuzi zinazoyeyuka zenyewe. Kitu cha kukodolea macho ni mdomo: walimchoma na ganzi ya kawaida ili asiamke na maumivu, na mdomo uliokufa ganzi hutafunwa bila mwenyewe kujua.

Sasa lawama. Karatasi ya kuondokea imeandikwa apewe dawa "akisikia maumivu". Atanijulishaje huyu? Ilibidi nirudi dirishani kuuliza, ndipo daktari akasema nimpe kwa saa zilizopangwa, kwa kipimo alichoandika, nisisubiri dalili. Pia imeandikwa asisukutue kwa saa 24, baada ya hapo asukutue kwa maji ya chumvi. Wetu huyameza! Tulitumia mswaki laini uliolowanishwa, taratibu, tukiyakwepa mashimo.

Kwa asiyesema, maumivu utayaona kwingine: kujipiga shavu, kukataa hata maji, kutembea usiku kucha. Yakipungua halafu yakapanda tena siku ya tatu hivi, mrudishe, huenda shimo limekauka, yaani damu iliyoganda imetoka na mfupa umebaki wazi. Damu mbichi isiyokoma, homa, au kutapika kusikoisha, usingoje kuche.

Jambo jingine, omba awe wa kwanza asubuhi. Kukaa saa 6 bila chakula kwa mtu asiyeelewa kwa nini ananyimwa ni vita, na akiwa wa kwanza sehemu kubwa ya saa hizo amelala. Kama anatumia dawa za kifafa, muulize daktari wa usingizi mapema atazinywaje siku hiyo.

Nawapa nyota nne. Ya tano wataipata wakiiandika upya ile karatasi.