Nyota nne kwa kituo kilichokataa kunipongeza

Nimeendesha lori miaka 26, Dar kwenda Tunduma, na mzigo ukiwepo navuka hadi Lubumbashi. Sasa huu ni mwaka wa pili nasafishwa damu mara tatu kwa wiki, saa nne kila nikikaa kwenye mashine. Nimepita vituo viwili hapa Dar es Salaam. Cha kwanza sikitaji jina kwa kuwa nitakisema vibaya. Cha pili nacho sikitaji, maana mkijazana huko nitanyang'anywa kiti changu cha dirishani.

Kile cha kwanza kwa macho kilikuwa kizuri hasa. Vigae vinang'aa, kila kiti na televisheni yake, mlinzi anakupigia saluti hata ukishuka kwenye bajaji. Siku ya kwanza nilipewa karatasi iliyotolewa kopi mpaka herufi zimefifia: usile nyama, mayai, maziwa, maharage, samaki, dagaa, ndizi, parachichi, viazi. Mke wangu akaisoma hadi chini, akauliza, "Sasa sista, huyu baba atakula nini?" Sista akacheka: "Ugali mama, na kabeji kidogo."

Dereva wa masafa anayetii karatasi ni nadra, ila mimi niliitii kwa woga. Nilijua nilikotoka. Nyama choma ya Chalinze, chipsi mayai za usiku Mikumi, supu ya asubuhi Mafinga kabla ukungu haujaondoka. Presha na sukari nilivipata humohumo barabarani, na kabla figo hazijafa kolesteroli yangu ilisoma 6.4, nikaanzishiwa atovastatini, kidonge cha kushusha kolesteroli. Kwa hiyo nilipoambiwa acha, niliacha kila kitu.

Miezi saba baadaye majibu yakaja: kolesteroli 3.1. Daktari wa zamu akanipa mkono. "Hongera mzee wangu, lehemu imeshuka kama ya kijana." Nilipofika nyumbani mama watoto akapiga vigelegele. Jioni hiyohiyo nilichukua msumari nikatoboa tundu jingine kwenye mkanda wa suruali. Lilikuwa la tatu, na hakuna aliyeyaunganisha mambo hayo mawili, mimi nikiwa wa kwanza.

Mizani ndiyo iliyotudanganya wote. Kila nikimaliza kusafishwa nilikuwa kilo 74, mwezi baada ya mwezi. Kumbe nyama ilikuwa inaondoka na maji yanakalia nafasi yake. Figo zikifa, maji hayana pa kutokea isipokuwa kwenye mashine, na mashine inavuta kiasi ilichoagizwa. Wakikuandikia kwamba uzito wako mkavu ni 74, itakufikisha 74 na kuishia hapo, hata kama mwili wenyewe umebaki wa kilo 69 na kinachozidi ni maji. Miguu ilikuwa inavimba, presha haishuki, usiku nalala nimeegemea mito mitatu. Nikaongezewa dawa ya presha.

Nilihama si kwa ujanja. Nilihama kwa sababu ya foleni, kituo kilikuwa mbali na nyumbani.

Hiki cha pili ukikiona nje utapita. Kiko ghorofa ya pili juu ya duka la vifaa vya umeme, lifti inafanya kazi ikijisikia, rangi imebanduka. Mashine 12. Lakini nesi wa asubuhi ana mkono! Sindano mbili zile nene anazipitisha kwenye fistula yangu kabla sijamaliza kusalimia. (Na hili neno lina mambo. Shemeji aliposikia nimefanyiwa upasuaji wa fistula alipiga simu kijijini akilia, maana kwetu fistula ni ya kina mama waliopata shida ya uzazi. Hii ya kwetu ni mshipa na ateri vilivyounganishwa mkononi ili damu itoke kwa kasi ya kutosha mashine.)

Siku ya pili akaja mtaalamu wa lishe, dada mdogo kuliko binti yangu wa kwanza, akavuta stuli. Hakunipa karatasi. Aliniuliza jana nimekula nini, tangu nilipoamka mpaka nilipolala, na nikisema "kawaida tu" anarudia swali. Akanishika msuli wa mkono, akanikandamiza mashavu ya miguu, kisha akaniomba, kwa adabu zote, aone mkanda. Akahesabu matundu. Ndipo akafungua majibu yangu ya zamani. Albumini, ile protini ya kwenye damu, 29, iko chini. Kolesteroli 3.1. Hakutabasamu.

"Baba, hii si ya kupongezana."

Nilimwelewa kwa lugha ya lori. Geji ya mafuta ikishuka kuliko safari uliyokwenda, hufurahii, unasimamisha gari uchungulie chini, kuna mahali tangi linavuja. Kwangu palipovuja palikuwa pawili. Kwanza njaa: ile karatasi ilikuwa ya watu ambao figo zimechoka lakini hawajaanza mashine, ambao hupunguziwa protini. Ukishaingia kwenye mashine kanuni inageuka, kwa sababu kila unaposafishwa protini nyingine inatoka na yale maji. Inatakiwa gramu moja hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili, kila siku. Pili, jino bovu nililokuwa nalimezea dawa ya maumivu tangu Krismasi. Uchochezi wa muda mrefu mwilini, yaani mwili kuwaka kwa ndani ukipambana na ugonjwa kama wa jino hilo, nao hushusha kolesteroli na albumini, huku ukichosha moyo. Walinipeleka kwa daktari wa meno wiki hiyohiyo.

Daktari wa figo alikuja Alhamisi akanifafanulia zaidi, na binti yangu anayesoma famasia akayafuatilia usiku kucha. Jambo lenyewe si jipya. Mwaka 1990 huko Marekani waliangalia wagonjwa zaidi ya 12,000 wa mashine wakaona walio na kolesteroli ya chini ndio waliokuwa kwenye hatari kubwa ya kufa, kinyume cha tulivyofundishwa. Nikamwambia daktari, basi nirudi Chalinze. Akanikatiza. Mwaka 2004 ulitoka utafiti mwingine wa huko Marekani, watu 823, ukatenganisha waliokonda na kuwa na uchochezi na wale wasio na hayo. Kwa wasio nayo, kolesteroli ya juu ilikuwa na hatari ileile tunayoijua. Mafuta hayamlindi mtu. Ila mwili ukianza kuisha, kolesteroli nayo inashuka.

Na vidonge je? Wajerumani waliwapa atovastatini wagonjwa wa sukari walio kwenye mashine, jumla walikuwa 1,255 ukiweka na waliopewa kidonge kitupu, majibu yakatoka 2005. Kolesteroli mbaya ilishuka kwa asilimia 42, lakini vifo vya moyo, mshtuko wa moyo na kiharusi kwa ujumla havikupungua kwa kiasi cha kutegemewa. Mwaka 2009 ukaja mkubwa zaidi, watu 2,776 na dawa nyingine ya jamii hiyo, hadithi ileile. Ndiyo maana mimi niliachiwa kidonge changu kwa kuwa niliingia kwenye mashine nikiwa ninakitumia tayari, na mama wa kiti cha pili, ambaye hakuwahi kukitumia, hakuanzishiwa. Amenuna mpaka leo, anaona amebaniwa dawa. Nilipenda kwamba daktari alimkalia robo saa nzima akimweleza, ingawa hakufua dafu.

Uzito mkavu wakaushusha polepole, nusu kilo nusu kilo, mpaka 69. Mito ikabaki mmoja. Dawa moja ya presha ikaondolewa. Sasa nakula mayai ya kuchemsha, zaidi ute mweupe, nakula kuku na samaki. Viazi vinakatwa vidogo, vinachemshwa, maji yanamwagwa, vinachemshwa tena. Kidonge cha kuzuia fosfeti, madini ya kwenye chakula ambayo figo zilizokufa haziyatoi, nakitafuna katikati ya chakula. Dagaa bado ni marufuku na hilo sijalisamehe. Baada ya miezi sita albumini ilikuwa 36, kolesteroli 4.3, na kwa mara ya kwanza maishani nilishangilia kolesteroli kupanda. Tundu moja la mkanda limepumzika.

Mbona basi si nyota tano? Baridi ya kiyoyozi ni ya Makambako mwezi wa saba. Alama ya kidole ya bima mtandao ukikata mnasubiri kwenye ngazi, na watu wengine wamekuja wakihema. Majibu ya damu yanachelewa, mara nyingine unapata ya mwezi uliopita ukiwa unatolewa ya mwezi huu. Kantini ya chini inauza chipsi na soda nyeusi kwa wagonjwa wa figo, kwa mkopo!

Lakini nyota nimeikata kwa jambo moja. Yule dada wa lishe anakuja Jumanne na Alhamisi tu. Wenzetu wa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa hawajawahi kumwona. Mmoja wao, fundi magari tuliyefahamiana zamani Mbeya, alinionyesha majibu yake pale kwenye ngazi akiwa na furaha: kolesteroli 2.9. Nikamtazama mkanda. Nilimshika mkono nikampandisha juu, nikamwambia msimamizi hatoki hapa mpaka apangiwe Jumanne. Walimpangia, baada ya maneno.

Mkikigundua wenyewe, ombeni zamu ya Jumanne, na mbebe blanketi. Kiti cha dirishani kina mwenyewe.