Sigiriya, Sri Lanka: fundi bomba wa Mwanza ameuona mwamba

Mtu wa Mwanza humtishi kwa mawe. Mimi ni wa Mabatini, nyumba yetu imeegemea jabali, na riziki yangu ni kufunga mabomba na matangi kwenye hivi vilima. Kwa hiyo nilipokuwa Sri Lanka kwa mafunzo ya pampu, wenzangu wakakodi gari kwenda Sigiriya siku ya mapumziko, nilifuata mkumbo tu. Jiwe la karibu mita 200 limesimama peke yake msituni. Sawa, ni kubwa. Ila kilichonishika ni maji.

Ukiingia upande wa magharibi unapita katikati ya bustani zenye mabwawa, kushoto na kulia yamelingana. Kuna mahali pana mabamba ya chokaa yenye matundu, na chini yake mifereji iliyofukiwa inayoleta maji kwa mteremko. Hakuna pampu wala umeme. Mfalme Kashyapa, aliyetawala kuanzia 477 hadi 495, ndiye aliyejenga, na mpaka leo mvua ikikolea matundu yale yanarusha maji juu. Nilichuchumaa pale hadi jamaa mmoja wa Musoma akaniuliza kama nimeangusha pete. Nilikuwa namuwaza mama wa Igogo, kule kwetu Mwanza, anayeliona ziwa lote dirishani, na bomba lake linakohoa hewa.

Kabla ya mfalme waliishi watawa wa Kibudha, tangu karne ya 3 kabla ya Kristo, kwenye mapango ya chini. Inua macho juu ya mdomo wa pango: wamechonga mfuo kwenye jiwe, upande huu hadi ule. Maji yakiteremka na mwamba yanafika pale, yanakatika, yanadondokea nje. Ndani kukavu. Sisi tuliojenga chini ya majabali kila masika tunahangaika na lami na saruji!

Mzee aliyetuongoza alisimulia vizuri. Kashyapa alimpindua baba yake, Dhatusena, akamtaka aonyeshe hazina. Baba akaomba apelekwe Kala Wewa, bwawa alilolijenga mwenyewe. Akaoga, akachota maji kwa viganja, akasema mali yake yote ndiyo hiyo. Mwana akapandwa na hasira, baba akazibwa ukutani akiwa hai. Baadaye ndugu yake Kashyapa, Moggallana, akarudi na jeshi kutoka India. Vitani tembo wa Kashyapa akageuka kukwepa tope, askari wakadhani mfalme anakimbia, wakamwacha. Akajiua. Mwamba ukarudi kwa watawa. Wenyeji wengine wanakwambia jumba lililokuwa juu ya mwamba ni la zamani kuliko Kashyapa, la Ravana, yule mfalme wa hadithi za Kihindi. Sikubishana nao.

Ngazi ni kama 1,200. Katikati kuna picha za wanawake zilizochorwa mwambani, kamera hairuhusiwi. Mbele kidogo, miguu miwili mikubwa ya simba, kisha ngazi za chuma hadi kileleni. Kuna mabango ya kukataza kelele kwa sababu ya nyigu, na si utani. Juu kabisa utakuta tangi limechongwa ndani ya mwamba wenyewe. Nililizunguka lote.

Sasa bei. Mgeni analipa zaidi ya dola 30, hiyo ni zaidi ya shilingi elfu sabini, na mwenyeji analipa kidogo sana. Hapo nyota moja naikata. Nusu naikata kwa kijana mmoja aliyejishikiza kwetu ngazini kama msaidizi, kumbe kila mkono anaokushika anauhesabia pesa. Mwambieni mapema hamumhitaji.

Jirani yake kuna mwamba wa Pidurangala, kiingilio ni cha kawaida. Chini kuna hekalu, kwa hiyo funika mabega na magoti, viatu vua. Njiani yupo Buddha aliyelala, wa matofali. Mwisho unapenya na kutambaa juu ya majabali, kitu ambacho mtoto wa Mwanza alianza kabla ya shule, na ukifika unaiona Sigiriya nzima mbele yako.

Kama mfuko ni wa mwamba mmoja, nenda Pidurangala. Lakini fundi mwenzangu, wewe lipa tu Sigiriya, na uende Novemba au Desemba, mvua zao zikiwa zimeshika. Kiangazi utakuta mabamba makavu na matundu.