Kozi ya ununuzi wa nafaka ya IGP, Kansas: inamfaa nani?

Taasisi ya IGP (International Grains Program) ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas, mjini Manhattan (wa Kansas, si wa New York), imekuwa ikifundisha wanunuzi na wasagaji wa nafaka kutoka nje tangu 1978.

Kinachostahili nauli yako ni hesabu ya bei. Muuzaji wa Marekani mara nyingi hataji bei ya tani. Hutaja besisi, yaani senti za kuongeza juu ya bei ya mikataba ya baadaye (futures) kwenye soko la bidhaa. Mkataba ukiwa dola 6.00 kwa busheli, kipimo cha nafaka cha Wamarekani, na besisi senti 150, jumla ni dola 7.50. Tani ya ngano ina busheli 36.7437, hivyo unapata dola 275.58 bandarini, kabla ya nauli ya meli. Tani ya mahindi ina busheli 39.368, kwa sababu busheli yake ni pauni 56, ya ngano 60. Ukichanganya namba hizo na kutumia ya mahindi kwa ngano, ngano inaonekana ghali kwa dola 19.68 kila tani, na unaikataa ofa nzuri. Kwa shehena ya tani 25,000 kosa hilo ni kama dola 492,000.

Protini nayo huwatega wengi. Wamarekani huipima kwa msingi wa unyevu wa 12%, Warusi kwa nafaka kavu kabisa. Ngano ya Urusi ya 12.5% ni sawa na 11% tu kwa kipimo cha Marekani. Zidisha ya Kirusi kwa 0.88, au gawanya ya Kimarekani kwa 0.88, kabla ya kulinganisha.

Udhaifu wa kozi ni kwamba inatazama soko la Marekani zaidi. Mwenye kinu wa Mombasa au Dar es Salaam anayeagiza ngano ya Bahari Nyeusi hukutana na bei kamili ya tani na mikataba ya Gafta, chama cha kimataifa cha biashara ya nafaka. Huyo aanze na masomo ya masafa ya Gafta yenyewe, hasa kuhusu sampuli na usuluhishi. Mikataba mingi huufanya ubora uliopimwa wakati wa kupakia kuwa wa mwisho. Chini ya mikataba hiyo, dai la ubora ukishapakua kwa kawaida halisikilizwi.

Mfanyabiashara wa mahindi ya magunia hana haja ya Kansas. Mtihani wake ni unyevu usiozidi 13.5% na sumukuvu isiyozidi sehemu 10 kwa bilioni, viwango vya Afrika Mashariki. Bambo, chuma cha kuchotea sampuli, likichoma magunia ya pembeni tu, sumukuvu iliyojificha katikati ya rundo haionekani. Atafute mafunzo ya Baraza la Nafaka la Afrika Mashariki, Nairobi.